Watoto 62, kompyuta 4

SWALI: Mwalimu, nafundisha darasa la nne hapa Tanga. Nina watoto 62, kompyuta 4, na umeme unakatika kila mara. TEHAMA nitaifundishaje?

JIBU: Mwalimu mwenzangu, usingoje umeme. Mimi huanzia sakafuni. Nachora miraba kwa chaki, mtoto mmoja anakuwa roboti, mwingine anamwandikia maagizo: mbele hatua 3, geuka kulia, mbele 1. Roboti hafanyi ila alichoandikiwa. Siku moja mwandishi alisahau "geuka", mwenzake akaenda moja kwa moja mpaka akagota ukutani. Darasa zima likapaza sauti, "Mstari wa pili! Mstari wa pili!" Walikuwa wanasaka kosa la programu, yaani la orodha ya maagizo, na hakuna aliyegusa kitufe.

Umeme ukirudi, tumia Scratch, programu ya kompyuta ambayo watoto hutungia maagizo kama hayo, iliyotolewa na chuo kikuu cha MIT cha Marekani mwaka 2007. Ni bure, na lipo toleo la kusakinisha lisilohitaji intaneti. Wakae watatu watatu kwa zamu. Waliobaki waandike maagizo yao daftarini. Kipanya kizunguke, na nakuomba sana, wasichana nao wakishike. Nimewaona mara nyingi wakiachiwa kutazama tu, na inaniuma.