Conrad Veidt hakuwa Nazi, kinyume chake kabisa

Mkuu, umeuliza kama yule meja wa Kijerumani kwenye filamu ya Casablanca alikuwa Nazi kweli. Hapana, yule aliwakimbia.

Anaitwa Conrad Veidt, mzaliwa wa Berlin, 1893. Alianzia jukwaani chini ya Max Reinhardt, mwongozaji wa michezo ya kuigiza. Vita ya Kwanza akapelekwa upande wa mashariki, akaugua, akarudishwa. Jina lake lilivuma mwaka 1920 alipocheza Cesare, yule anayetembea usingizini kwenye filamu ya Dk. Caligari. Itafute hiyo kwanza! Filamu bubu, sauti yake huisikii, ila macho na ule mwendo wake vinatisha mpaka leo. Hata lile tabasamu la Joker, adui wa Batman, limetokana na sura yake kwenye filamu ya Marekani ya 1928.

1933 Hitler akashika madaraka. Mke wake, Lily, alikuwa na asili ya Kiyahudi, wakahamia Uingereza. Baadaye akaenda Hollywood, na huko, kejeli ya mambo, wakawa wanampa nafasi za Wanazi. Alikubali ilimradi wawe wabaya.

Alifariki Aprili 1943 kwa moyo, akicheza gofu Los Angeles. Alikuwa na miaka 50 tu.