Ndoo yenye mfuniko karibu na mlango

Usiku ule wa masika maji yalipoingia nyumbani kwetu hapa Bagamoyo, tulikuwa na karibu kila kitu ambacho familia huhitaji wakati wa dharura, ila hakuna aliyejua kilipo. Tochi ilikuwa jikoni, betri zake zilikuwa chumbani kwa watoto, na vyeti vya kuzaliwa vilikuwa uvunguni ndani ya sanduku la bati, mahali ambapo maji hufika kwanza. Mume wangu alimbeba mama mkwe, nami nikawashika watoto wawili, lakini dawa za presha za mama tulizikumbuka tulipokwisha kufika kwa jirani. Vyeti tulivianika siku tatu, na cha mtoto wa pili wino wake ulikuwa umefutika kabisa.

Kwa hiyo ninawasihi wenzangu kwamba, kabla ya kununua chochote, familia ikae pamoja ikubaliane nani atafanya nini na kila kitu kitakaa wapi. Kwetu mume anamshughulikia mama, mimi watoto, na kijana wetu mkubwa, mwenye miaka kumi na mitatu, anachukua ndoo.

Ndoo yenyewe ni ya plastiki ya lita 20, yenye mfuniko unaobana, na inakaa juu ya kabati karibu na mlango. Ndani yake mna vyeti, vitambulisho vya taifa, kadi za kliniki na nakala ya hati ya kiwanja, vyote vikiwa vimefungwa katika mifuko miwili ya nailoni. Kuna pia dawa za mama za wiki moja, tochi, redio ndogo, betri, kiberiti, fedha taslimu kidogo, na karatasi yenye namba za simu za ndugu, kwa sababu simu ikizimika hakuna anayezikumbuka kichwani. Namba 114 ya Zimamoto na Uokoaji na 112 ya polisi tumewafundisha hata watoto.

Pwani yetu imezijua dhoruba tangu zamani. Kimbunga cha Aprili 1872 kilichoivunjavunja Unguja kilifika hadi hapa Bagamoyo na kuharibu majengo ya misheni ya Wakatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868. Watu wa wakati ule hawakuwa na wa kuwaonya, ilhali sisi, Kimbunga Hidaya kilipokuwa kikielekea pwani mwanzoni mwa Mei 2024, tulisikia tahadhari ya Mamlaka ya Hali ya Hewa mapema. Tulichaji simu, tukajaza madumu, tukafunga mabati yaliyolegea, na mama akahamia kwa shemeji yangu mchana kweupe, bila mtu kukimbia. Ukipewa tahadhari, usingoje kuona mawingu ndipo uamini.

Maji yakianza kupanda, zima umeme kwenye swichi kuu yangali hayajafika kwenye soketi, na ikiwa yamekwisha kufika, usiiguse, toka nje. Mtungi wa gesi nao ufungwe. Usiwashe umeme tena mpaka fundi ameukagua.

Jambo ambalo watu wengi hulidharau ni siku zinazofuata mafuriko. Mtaani kwetu visima vingi viko karibu na vyoo vya shimo, na maji yakishafurika hivyo viwili huchanganyika, hata kama maji ya kisima yanaonekana safi. Hapo ndipo kipindupindu hupata njia. Chemsha maji ya kunywa mpaka yatokote vizuri kwa dakika moja au zaidi, au tumia dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kifungashio. Mtu akiharisha na huna paketi za chumvichumvi, changanya lita moja ya maji safi na vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, umpe kidogo kidogo huku mkimpeleka zahanati.

Kila mwanzo wa Machi, kabla ya masika, na kila mwanzo wa Oktoba, kabla ya vuli, tunaishusha ndoo na kuifungua sebuleni. Mama husoma tarehe za dawa zake, watoto hujaribu tochi, nami hukagua mifuko ya vyeti kama ina tundu. Mwaka huu tumemwita na bibi wa nyumba ya pili, anayeishi peke yake, tukamwandikia karatasi yake ya namba, na kijana wetu ameongezewa kazi ya kumgongea mlango.