Barua kwa mwanangu: maji ya nyanya

Mwanangu Tumaini,

Marahaba. Ujumbe wako niliusoma kimya, kisha nikamsomea mama yako kwa sauti, akacheka mpaka akaweka ungo chini. Eti wenzako wa kazini huko Houston, Wameksiko, wamekufundisha salsa, ile wanayoiita pico de gallo, na sasa unamuuliza baba yako ufanyeje isijae maji. Nyanya, kitunguu, pilipili, ndimu, giligilani. Mwanangu, hiyo ni kachumbari iliyopata viza.

Jibu ni chumvi. Chumvi ndiyo inayoyavuta maji kwenye nyanya, kwa hiyo itie mwisho kabisa, watu wakiwa wameshanawa. Kitunguu ndicho cha kutangulizia chumvi: kisugue, kioshe mara mbili, kikamue. Ningeweza kufunga barua hapa. Ila hukuniambia nyanya umenunua wapi, wala mwezi gani, na mimi nimelisema hili tangu hujaota meno: nyanya ya safari si nyanya ya kachumbari.

Ya safari naijua, ndiyo iliyokusomesha. Inachumwa ingali ngumu, imeanza tu kupiga wekundu, inapangwa kwenye tenga na kuivia njiani. Zilipokuja mbegu za Tanya na Tengeru 97 sisi wa malori tulishukuru, ngozi yake inavumilia. Moneymaker ya zamani ilikuwa tamu, lakini ukiitazama vibaya inapasuka. Na huko kwenu nasikia zile za Florida zinachumwa kijani kisha zinavundikwa kwa gesi, kama bibi yako alivyovundika ndizi kwa moshi. Unategemea nini hapo?

Mwaka 2003 wewe unaukumbuka kwa sababu Januari iliyofuata uliingia kidato cha kwanza wiki mbili nyuma ya wenzako. Yaliyotangulia hatukuwahi kukaa tukayaongea.

Ilikuwa Novemba. Nilipakia Ilula matenga 90. Nyanya husafirishwa usiku, zipate ubaridi, kila dereva anajua. Mimi niliondoka saa saba mchana kwa kuwa tajiri alitaka mzigo uwahi soko la Ilala alfajiri. Au niseme kweli, mimi mwenyewe nilitaka kuwahi nyumbani. Yote mawili. Kitonga tukaishuka salama, tukafika Ruaha Mbuyuni, springi ya nyuma ikakatika.

Joto la bonde lile unalijua, ulilia njia nzima tulipokwenda kumzika babu. Utingo akadandia basi kwenda Morogoro kutafuta springi, akarudi kesho yake jioni. Mimi nikabaki na mzigo. Kufika adhuhuri ya siku ya pili matenga ya chini yalikuwa yanachuruzika, lami imekuwa nyekundu, na nzi sijui waliarifiwa na nani. Umeniandikia kwamba salsa kwa Kihispania maana yake ni mchuzi. Basi baba yako aliwahi kuendesha lori zima la salsa.

Palikuwa na mama ntilie kando ya barabara. Aliniona nimekaa chini ya mbuyu nimeshika tama. Akasema, "Baba, panda juu unichagulie zilizoiva leo." Nikamletea nane. Kitunguu hakununua, pale kimetundikwa kila kibanda. Ndimu hakuwa nayo, ila maembe yalikuwa mabichi mtini, akachukua moja akalikata nyembamba kama kucha. Pilipili kichaa mbili. Akasonga ugali kwanza, akaweka samaki, ndipo akakata nyanya, na chumvi akainyunyiza bakuli likiwa tayari mbele yangu.

Sijala kachumbari kama ile tena. Ninajua utasema njaa, na mama yako husema hivyohivyo. Na ninajua nyanya zile zilikuwa za safari, hapo msemo wangu unanisuta. Labda kwa kuwa zilikuwa zimeacha kusafiri. Nilipomaliza, yule mama akanisukumia bakuli lenye maji yaliyobaki: maji ya nyanya, ya embe, na pilipili ikielea. Nikayanywa yote. Ute ule unaozunguka mbegu ndio wenye ladha, mwanangu, sasa wewe unaniuliza jinsi ya kuumwaga?

Matenga 34 yalitupwa. Tajiri akakata mshahara wangu wa miezi miwili, ndiyo ada yako hiyo. Tukiwa Iringa nilimwambia springi ina ufa, akajibu itafika. Lakini usukani nilishika mimi, na saa saba mchana hakunifunga mtu kamba. Mama yako ana neno lake kwa mtu yule, hulisema akiwa anapepeta. Mimi silisemi. Ameshatangulia, na msibani kwa babu yako alikuja na gunia la mchele. Ingawa ukipiga hesabu ya gunia moja la mchele na miezi miwili ya… basi, niache.

Nyanya usizitie friji, baridi inaua harufu yake. Nunua kwa mkulima majira yake yakifika, na zikiwa bado, usilazimishe: kata embe bichi na kitunguu, ndimu kidogo, ule hivyo. Kama ni lazima ununue dukani, chukua zile ndefu ndefu, zina nyama kuliko maji. Ndiyo, ni za safari. Nimeliona hilo, usinicheke.

Mama yako anasema kwenye ile picha giligilani umezidisha, na mikono hujaosha.

Baba yako