Jibu: Joto au mvua, kipi kinaumiza makinda zaidi?

Mkuu, umeuliza kama jua linadhoofisha makinda ya ndege wa porini kuliko mvua. Inategemea umri na chakula chao. Makinda wengi huanguliwa wakiwa uchi, na siku za mwanzo hawawezi kujipasha joto. Mvua ya baridi ikikaza, mzazi akiwafunika wanashinda njaa, akitoka kutafuta chakula wanapigwa baridi. Mbayuwayu ndio huumia hasa, maana wadudu warukao huadimika.

Ila mimi naogopa joto zaidi. Chukua hondohondo wa mdomo wa njano kule Kalahari, Afrika Kusini. Jike hujiziba ndani ya tundu la mti, dume analisha familia kupitia upenyo mwembamba. Joto likipanda, dume anahema mdomo wazi, na mdomo huohuo ndio wa kuokotea wadudu! Miaka ya 2008–2011, viota 58% vilitoa angalau kinda mmoja. 2016–2019 vikawa 17% tu. Kiota ambacho wastani wa joto la juu la mchana ulizidi nyuzi 35.7 hakikutoa hata mmoja.