Kugeuza lita za dizeli kwa saa kuwa kilo kwa saa

Swali: Assalamu alaykum. Naangalia jenereta ya kiwanda cha barafu hapa Wete. Ina mita mbili za mafuta, moja kwenye bomba la kwenda kwenye injini na nyengine kwenye bomba la kurudi tangini. Bodi ikionesha mzigo wa kilowati 200, mita ya kwanza inasoma lita 180 kwa saa na ya pili 130. Karatasi ya waliotengeneza injini inasema inakula gramu 205 kwa kilowati-saa. Nimechukua lita 50, nikazidisha kwa 0.84 (kilo za lita moja ya dizeli), nikagawa kwa 200, nimepata gramu 210. Je, injini inakula kupita kiasi?

Jibu: Wa alaykumu salaam, fundi. Kwa namba hizi injini yako haina dalili ya ubaya. Lakini hiyo 210 imetokana na makosa mawili yanayofichana, na siku yakiacha kufichana unaweza kuifungua injini bure.

Kosa la kwanza ni kutoa lita kwa lita. Mafuta yanayorudi yamepita kwenye pampu ya shinikizo na kwenye injekta, yamechukua joto na yametanuka. Dizeli hutanuka kiasi cha 0.00083 ya ujazo wake kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, kwa hiyo lita ya mafuta ya moto ina uzito mdogo kuliko lita ya mafuta yaliyopoa. Geuza usomaji wa kila mita kuwa kilo kwanza, kwa joto la pale pale mita ilipo, ndipo utoe.

Hukutaja joto, na bila joto hesabu hii haifanyiki. Nitachukua nyuzi 35 kwenye bomba la kwenda na 60 kwenye la kurudi, wewe utaweka zako. Tuseme lita moja ya dizeli yako ina kilo 0.840 kwa nyuzi 15, ambazo ndizo nyuzi za kawaida za kutajia uzito wa mafuta.

Kwenda: 0.840 × (1 − 0.00083 × 20) = 0.826. Mara lita 180, ni kilo 148.7 kwa saa.

Kurudi: 0.840 × (1 − 0.00083 × 45) = 0.8086. Mara lita 130, ni kilo 105.1 kwa saa.

Injini imekula kilo 43.6 kwa saa. Wewe ulipata 42. Ukitaka kwa sekunde gawa kwa 3,600, utapata gramu 12.1.

Kosa la pili liko kwenye 200. Zile gramu 205 huhesabiwa kwa nguvu inayotoka kwenye shafti ya injini, na bodi yako inaonesha umeme unaotoka kwenye altaneta, yaani ile sehemu ya jenereta inayozungushwa na shafti na kuzalisha umeme. Altaneta nayo inapoteza kidogo. Ikiwa ufanisi wake ni asilimia 94 (utazame kwenye karatasi yake, usikisie), shafti inatoa 200 ÷ 0.94, yaani kilowati 212.8. Gramu 43,600 ukizigawa kwa 212.8 ni 205, sawasawa na karatasi. Lau ungesahihisha altaneta peke yake ungepata 197, ukadhani injini inafanya vizuri kuliko ilivyotoka kiwandani. Ukiona namba ya namna hiyo, tilia shaka vipimo.

Ile 0.84 nayo usiichukue kwa mazoea, maana dizeli hubadilika kila shehena. Kama huna haidromita (kifaa cha kuelea kinachoonesha uzito wa mafuta kwa ujazo), tafuta chupa ya lita moja yenye shingo nyembamba na mizani inayosoma gramu moja moja. Tia alama shingoni. Jaza maji mpaka alama, upime, utoe uzito wa chupa tupu. Tumia maji ya mvua au ya dukani. Ya kisima cha pwani yana chumvi na yatakudanganya. Maji ya nyuzi 30 yana gramu 0.9957 kwa kila mililita, kwa hiyo ukipata gramu 1,004, chupa yako inachukua mililita 1,008.3. Ikaushe kabisa, jaza dizeli ya nyuzi 30 mpaka alama ile ile. Ikipima gramu 836, lita moja ina kilo 0.829 kwa nyuzi 30. Gawa kwa 0.98755 (yaani 1 − 0.00083 × 15) uirudishe kwenye nyuzi 15, utapata 0.840.

Kabla ya yote, soma mipangilio ya mita. Baadhi ya mita hujisahihisha zenyewe na kuonesha lita za nyuzi 15. Yako ikiwa hivyo, zidisha kwa 0.840 moja kwa moja, la sivyo utakuwa umesahihisha joto mara mbili. Na kama imewekwa kwenye galoni, ujue ya Marekani ni lita 3.785 na ya Kiingereza ni 4.546.

Linalowasumbua zaidi mafundi wa mita mbili ni hili: kosa dogo la mita huwa kubwa baada ya kutoa. Mita ya kwenda ikizidisha asilimia moja tu, hizo ni lita 1.8, nazo ni asilimia 3.6 ya lita zako 50. Zifunge mita mbili mfululizo kwenye bomba moja, mafuta yale yale yapite kote, uandike tofauti yao. Kisha weka kipande cha mpira unaoonesha ndani kabla ya mita ya kurudi. Ukiona mapovu, mita inahesabu hewa kama mafuta yaliyorudi, na ulaji utaonekana mdogo.

Ukitaka uhakika, azima mizani ya jukwaa, kama zile za kupimia magunia ya karafuu. Weka pipa la dizeli juu yake, mbali na ekzosi, mabomba ya kwenda na kurudi yote yaingie humo yakiwa yananing'inia bila kugusa pipa. Endesha nusu saa kwa mzigo usiobadilika. Kwa hesabu yetu pipa lingepungua kilo 21.8. Mizani ikisoma kwa hatua za gramu 500, endesha saa nzima au zaidi. Hapa joto la mafuta halikuhusu tena. Jibu la mizani likipishana na la mita kwa zaidi ya asilimia tatu, anza kufungua mita, injini iache.