Mkanda na saa: tunavioanisha au tunaviunganisha?

SWALI: Ninauza vifaa vya michezo hapa Arusha, na wateja wangu wengi ni wakimbiaji. Nimeandaa kikaratasi cha maelekezo cha kuweka ndani ya boksi la saa, ili mtu ajue namna ya kuitumia pamoja na mkanda wa kifuani unaopima mapigo ya moyo na kile kidude kinachobanwa kwenye kamba za kiatu. Niliandika: "Oanisha sensa na saa yako ya mazoezi." Kocha mmoja aliposoma alicheka, akasema saa haioi wala haiolewi, niandike "unganisha". Kijana ninayefanya naye kazi dukani anasema "pea". Yupi yuko sahihi? Na hiyo "sensa" niiache?

JIBU: Kocha amecheka bure. Ni kweli mzizi ni ule ule wa kuoa, lakini kitenzi hiki kikishapokea -an- huwa kimetoka kitambo kwenye mambo ya mahari. Tunasema rangi ya blauzi haioani na ya kanga, au maelezo ya shahidi wa kwanza hayaoani na ya wa pili, na hakuna anayetafuta shehe wala padri. Aliyesoma shule ya msingi Tanzania alikutana na amri "Oanisha" kwenye karatasi ya mtihani kabla hajawaza kuoa: Orodha A huku, Orodha B kule, kila kipengele kitafutiwe mwenzake. Hicho ndicho saa na mkanda wanachofanyiwa.

"Unganisha" nalo ni neno zuri, tena limeundwa vilevile: unga, ungana, unganisha, oa, oana, oanisha. Ubaya ni kulipa kazi isiyo yake. Kuoanisha hufanyika mara moja. Kila kihisi, yaani hiyo unayoiita sensa, kina namba yake ya utambulisho. Siku ya kwanza saa huisoma namba hiyo na kuihifadhi, na kuanzia hapo inajua kuwa mkanda huu ndio wake. Kuunganisha ni jambo la kila siku: umelowesha elektrodi (zile sehemu za mkanda zinazogusa ngozi), umevaa mkanda, mkanda umeamka, saa imesikia namba inayoifahamu, basi vinaanza kuwasiliana. Ukimaliza mazoezi na kuvua mkanda, muunganisho unakatika, lakini kuoana kunabaki palepale.

Sasa mfikirie mteja wako akisoma, kama kocha anavyotaka, "Unganisha mkanda na saa kabla ya kukimbia". Mtu mtiifu ataingia kwenye menyu kila alfajiri na kuongeza kihisi upya, tena akiwa katikati ya wenzake waliovaa mikanda kama yeye. Miongozo ya Garmin, kampuni inayotengeneza saa hizi, inaagiza kwamba wakati wa kuoanisha, saa iwe ndani ya mita 3 kutoka kwenye kihisi, na uwe mita 10 mbali na vihisi vingine. Uwanjani, watu wamesimama bega kwa bega wakingoja filimbi, hizo mita 10 utazitoa wapi? Saa inaweza kudaka mkanda wa jirani, na wewe ukashangaa unapanda kilima huku mapigo yanashuka. Kwa hiyo kikaratasi chako kiseme mteja aoanishe nyumbani, peke yake, mara moja. Uwanjani ni kuvaa na kusubiri viungane.

Kwa mikanda ya zamani, ile iliyotumia mawimbi ya kilohezi 5 na iliyopata jina kupitia kampuni ya Polar ya Finland, tofauti hii isingekuwa na maana. Mkanda ulirusha mapigo hewani bila kujitambulisha, na saa ilinasa chochote kilicho karibu. Wakimbiaji wawili wakikaribiana, hesabu zinavurugika. Hapo hapakuwa na cha kuoanisha. Namba ya utambulisho ilipoingia ndipo tukahitaji kitenzi cha pili, na bahati nzuri kilikuwepo tayari, hatukulazimika kubuni.

Jambo moja nisisitize, kwa sababu hapa sarufi inafanya kazi ya fundi. Kiambishi -an- kinadai pande mbili. Huwezi kuoana peke yako, na hupaswi kumwambia mteja "Oanisha mkanda" ukaishia hapo. Uoanishwe na nini? Wengi hujijibu: na simu, maana simu ndiyo iliyo mkononi na ndiyo wanayoizoea. Wanafungua mpangilio wa Bluetooth wa simu, wanauchagua mkanda, wanafurahi. Kisha saa inautafuta mkanda na haiuoni, kwa kuwa mikanda mingi ya Bluetooth, hasa ya zamani kidogo, hukubali kuwasiliana na kifaa kimoja tu kwa wakati mmoja, na simu imeshaukalia. Mawasiliano ya ANT+, njia nyingine isiyo na waya inayotumiwa na vihisi, hayana wivu huo. Mkanda hutangaza, na saa mbili au tatu zinaweza kusikiliza kwa pamoja. Lakini mteja hajui ana mkanda wa aina gani. Taja pande zote mbili kila mara: "Oanisha mkanda na saa, ukianzia kwenye menyu ya saa."

Tukiwa hapo kwenye "na", jihadhari na kauli ya kutendwa. "Mkanda umeoanishwa na saa" ni sentensi yenye vichwa viwili. Baada ya kitenzi cha kutendwa, "na" humtaja mtendaji, kama katika "chakula kimepikwa na Asha". Msomaji anaweza kudhani saa ndiyo iliyofanya kazi yote, naye akakaa akisubiri. Sema "Mkanda na saa vimeoanishwa", kwa vi-, kwa kuwa nomino mbili za ngeli tofauti zisizo na uhai zinapoandamana mara nyingi tunaziegemeza huko. Au fupisha: "Mkanda umeoana na saa."

"Pea" ya kijana wako ina asili inayoeleweka. Pea ya viatu, pea ya soksi, hakuna asiyeijua, ingawa mimi hupenda jozi. Kama nomino haina tatizo. Ikigeuzwa kitenzi, inagongana na "kupea" ya Kenya na ya watu wengi wa bara, ambayo maana yake ni kupa. Mteja wako akivuka Namanga na kikaratasi kinachosema "Pea mkanda na saa", mwenzake atampokonya vyote viwili. Dukani, mdomoni, aendelee nayo. Kwenye karatasi, hapana.

Kuhusu "sensa": fundi wa magari anasema sensa, nami simsahihishi, kwa sababu kichwa chake kikiwa ndani ya boneti hakuna anayedhani anahesabu watu. Ila katika maandishi neno hilo lina mwenyewe. Sensa ya Watu na Makazi ya 2022 ilitangazwa Tanzania nzima hadi watoto wakaijua, na Kenya nao walikuwa na yao 2019. Andika "kihisi", wingi "vihisi". Wengine wanapendelea "kitambuzi", na si kosa, lakini kwa kifaa hiki linanikwaza. Mkanda hautambui chochote. Unahisi umeme mdogo wa moyo na kuupeleka. Anayetambua ni saa. Jaribu kuandika "saa imetambua kitambuzi" uone jinsi sentensi inavyojikanyaga. Usije ukateleza tu ukaandika "kihisishi", maana hiyo tumeshaigawia sarufi: ni akina "lo!", "ala!" na "salale!"

Na wala si lazima kila kifaa kiitwe kihisi. Kiswahili kina kipimajoto na kipimamwendo, kwa hiyo "kipima mapigo" kinaeleweka bila maelezo, na kile kidude cha kiatuni kinaweza kuwa "kihisi cha kiatuni". Vyote kwa pamoja viite "vifaa vya ziada".

Ambalo hukuniuliza, nami naliona kubwa kuliko yote hayo, ni "saa ya mazoezi". Kwa mtu anayeisoma haraka, hiyo ni saa kumi na mbili asubuhi. Kifaa na wakati tumevipa neno moja, kwa hiyo "saa ya mazoezi", "saa ya michezo", na hata "saa ya kukimbilia" vinayumba. Hiyo ya mwisho inanukia hatari, kana kwamba kuna mahali pa kujificha. "Weka saa yako ya mazoezi" ni kupanga ratiba au ni kuvaa kifaa? Andika "saa janja", au "saa ya mkononi" pale msomaji wako alipo mtu mzima asiyependa ujanja. Ukishaitaja hivyo mara ya kwanza, mistari inayofuata inaweza kusema "saa" tu.

Umeandika pia, katika nakala uliyonitumia, kwamba mteja asubiri hadi aone "Kihisi: Imeunganishwa". Hiyo i- imetoka kwenye programu, ambako neno moja limewekwa kwa simu, saa na spika, zote za ngeli ya I-ZI, kisha likabandikwa hata pasipolifaa. Kama ndivyo skrini inavyosema, linukuu kama lilivyo ili mteja alitambue. Katika sentensi zako mwenyewe, kihisi "kimeunganishwa" na mkanda "umeunganishwa".

Kuondoa kihisi kwenye orodha ya saa, andika "futa kihisi". Nimewahi kuona "tenganisha" likitumika hapo, lakini hilo ni kinyume cha unganisha, na tumeshaona kwamba muunganisho hukatika wenyewe kila siku bila mtu kufuta kitu.

Kwa msingi huo huo rekebisha mstari wako wa mwisho, unaosema "Ukibadilisha betri, unganisha upya". Namba ya kihisi haipotei betri inapotolewa. Andika hivi: "Ukibadilisha betri ya mkanda, huna haja ya kuoanisha tena. Lowesha elektrodi, vaa mkanda, kisha subiri viungane."