Binti anajitapisha: iweke mbali hiyo dawa ya hamu

Mama mwenzangu wa Faza, umeandika kwamba binti yako hujitapisha akila. Hiyo dawa ya kuongeza hamu ya kula uliyosema umeshamnunulia, itupe baharini. La, usitupe, samaki watanenepa bure. Ifiche tu.

Wangu alikuwa na miaka 16, hapa Langoni, mjini Lamu. Akimaliza kula, chooni, na bomba linafunguliwa. Nikaenda duka la dawa. Yule bwana hata kuuliza mtoto anatapika vipi hakuuliza: "Mama, wiki mbili tu utamwona." Nilimwona, naam! Vile vidonge kwa asili ni dawa ya mzio. Huleta usingizi na njaa. Sasa mtoto ambaye ugonjwa wake ni kufakamia chakula kisha kukitapika, unamwongeza njaa? Akawa anamaliza mahamri sita usiku wa manane, jikoni gizani, kisha anatapika maradufu. Mashavu yakajaa, hapa chini ya masikio. Mimi na ujuzi wangu nikawatangazia majirani: mashallah, dawa imemkubali! Kumbe tezi za mate zimevimba kwa kutapika. Miezi mitatu nashukuru uvimbe.

Akaanguka kwenye jeti tukingojea boti ya Mokowe. Potasiamu, ile chumvi ya damu inayosaidia moyo kupiga sawasawa, imeshuka kwa kutapika, moyo unapiga ovyo. Daktari akamgeuza mkono, akanionyesha sugu kwenye vifundo vya vidole, pale meno yanapokwaruza akijitia kidole kooni. Ati daktari mmoja wa London, Gerald Russell, alishaziandika alama hizo mwaka 1979. Muuza dawa wangu habari hazijamfikia.

Umeuliza kama huzuni ndiyo imeleta kutapika. Kwa wangu sonona, wasiwasi na bulimia, ndio huo ugonjwa wa kufakamia na kujitapisha, vililala kitanda kimoja, na havikupoa mpaka vilipotibiwa pamoja: mazungumzo kila wiki, na fluoksetini, dawa ya sonona, aliyoipandisha daktari hadi miligramu 60, ilhali sonona peke yake kwa kawaida huanziwa 20. Usijaribu mwenyewe.

Lakini kwanza apimwe potasiamu, na moyo. Usiniambie "mbona hajakonda". Wangu hakukonda hata kidogo, ndiyo maana nililala usingizi.

Umesema mtavuka Jumatatu kumwona daktari. Leo Alhamisi. Pandeni boti ya kesho.